Mashine ya Mkanda Mfupi

Mimi ni seremala, na seremala akikosea kipimo hana wa kumsingizia. Ubao hauna ulimi, msumeno hauna nia mbaya na mtu. Nimewahi kutengeneza mlango ukagoma kuingia kwenye fremu mbele ya mwenye nyumba na wageni wake, nikabaki nimesimama pale najifuta jasho la aibu. Hayo yalipita. Mlango ulipigwa randa, watu wakacheka, tukanywa chai. Kipimo kimoja tu ndicho kilichonikaa moyoni mpaka leo, na hicho, bahati mbaya, sikukikosea. Nilikipima sawasawa kisha nikakitupa. Husemwa majuto ni mjukuu. Wajukuu ninao sita, na majuto yangu yamewatangulia wote.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Tumbi, pale Kibaha, kwenye nyumba za wafanyakazi. Mimi nilikuwa karakana, kazi yangu madawati na vitanda. Mke wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndiyo miaka ile serikali ilipoamua kila mtoto aende shule, madarasa yakafurika, watoto wakakaa chini kwenye sakafu, na madawati yangu yakawa hayana mwisho. Watu wote walimwita Mwalimu, nami nikamwita hivyohivyo, nusu heshima nusu mzaha. Yeye aliniita Fundi. Tulikuwa na watoto wawili.

Yeye ni mtu wa Kisarawe, kule vilimani, baba yake mkulima na mchuuzi wa machungwa. Tangu mdogo alikuwa mkimbiaji, na sisemi kukimbia kwa kuwahi kengele. Shuleni kwao alikuwa akiwaacha wavulana. Nilipokwenda kuposa, mshenga wangu alininong'oneza kwamba huyu binti nisije nikamkosea, maana akiondoka simkamati. Nilicheka sana siku ile. Nilikuwa kijana, nadhani kila neno linasemwa ili nicheke.

Tulipooana akaacha mbio. Hakuna aliyemkataza, ilikuwa mimba, kunyonyesha, kazi, kuni, maji. Mbio pekee alizobaki nazo zilikuwa mchakamchaka. Aliyesoma miaka ile anajua: asubuhi kabla ya masomo, watoto wote wanapangwa mistari, wanazunguka uwanja kwa nyimbo, na mwalimu wa zamu anakuwa nao. Walimu wengi walisimama pembeni na fimbo. Wangu alikwenda nao, mzunguko baada ya mzunguko, kitenge kimefungwa kibwebwe, anaimbisha.

Siku moja bwana michezo wa mkoa alifika pale shuleni kwa shughuli zake nyingine akamkuta katikati ya mchakamchaka. Akasimama kuangalia. Watoto walipoingia madarasani akamwomba Mwalimu azunguke uwanja peke yake, kwa nguvu zake zote. Akazunguka. Yule bwana akamwambia kwamba baada ya miezi minne mkoa utachagua wanawake wawili wa mbio za mita elfu tatu kwenda mashindano ya taifa, kwamba mchujo utafanyika Kisarawe, na kwamba asipokuwepo itakuwa dhambi.

Alirudi nyumbani siku ile hakukaa. Aliweka kikapu cha madaftari chini, akasimama mlangoni na kuniambia yote kwa mpigo mmoja. Halafu akauliza kama ninaridhia. Nilimtazama usoni. Sijawahi kumwona akitaka kitu namna ile, si nguo, si pete, si chochote. Nikasema ninaridhia, kwa nini nisiridhie. Kesho yake karakana nzima ilijua kwamba mke wangu atakimbia taifa. Nilijigamba mimi, na wala haikuwa miguu yangu.

Akaanza mazoezi. Baada ya swala ya alfajiri anavaa kaptura inayofika magotini, fulana, kilemba kichwani, miguu mitupu, anashika kando ya barabara ya Morogoro kuelekea Mlandizi, kwenye mchanga ule ulio kati ya lami na mikorosho. Anarudi jua linachomoza. Ananawa, anawaandaa watoto, anakwenda kazini. Wiki tatu za kwanza nilikuwa namsubiri mlangoni na kopo la maji, namuuliza amefika wapi. Akitaja mahali nabisha kwamba muongo, anacheka. Zile wiki tatu ndizo nzuri kuliko zote nilizokaa naye, na ningejua nisingeziharibu.

Ziliharibika kwa neno la utani. Pale karakana nilikuwa na mwenzangu Mnyamwezi, na sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Alisubiri wakati wa chai, watu wamejaa, akasema, "Wazaramo nyinyi! Mkeo namwona kila asubuhi anakimbilia bara. Utakuja kumkuta Tabora, na kwetu kilichofika hakirudi."

Karakana ikaangua kicheko. Sheria ya utani kila mtu anaijua: ukipigwa neno, unarudisha zito zaidi, mnacheka, yamekwisha. Anayenuna ndiye mshamba. Mimi nilirudisha neno, tena la kipuuzi, nikacheka na wenzangu. Lakini ndani nilinuna. Nililibeba lile neno mpaka nyumbani, nikalala nalo. Nikaanza kujiuliza ni wangapi wengine wanaomwona kila asubuhi, na wanasema nini wasio na haki ya utani.

Wiki hiyohiyo mama yangu akaja kutoka Gwata na mihogo na kunde. Mama hakuwa mtu wa fitina, Mungu amrehemu. Alikaa siku mbili bila kusema chochote, siku ya tatu, anamenya mihogo, akaniambia kwa ile sauti ya kwetu ya kuvutavuta kwamba kule kijijini wameshasikia. Akasema hamkatazi mkwewe, mbio ni afya. Ila, akauliza, si afadhali akimbilie ndani? Mimi nikasikia ndani ya nyumba. Miaka mingi baadaye nilikuja kuwaza kwamba huenda alimaanisha ndani ya uwanja wa shule, penye uzio, pamoja na watoto. Sikumuuliza, na sasa hayupo.

Nilimkabili mke wangu jioni ile. Mimi hasira zangu zina tabia mbaya: zikishindwa kwa aliyezianzisha, zinamtafuta aliye karibu. Nikamwambia barabara si uwanja. Akauliza nani kasema. Nikasema watu. Akauliza watu gani. Hapo ndipo nilipokwama, maana ningewezaje kusema kwamba ni mtani wangu? Mwanamume mzima kununia utani! Nikapandisha sauti nikasema watu ni watu, na mimi nimechoka kusemwa. Akauliza kama nimemzuia kukimbia. Nikasema sijamzuia, nitatafuta njia. Na kweli nilikuwa nakusudia kutafuta, hilo nalo niliandike, ili nisionekane shetani kupita kiasi.

Njia ikajitokeza yenyewe. Pale hospitali ya Tumbi alikuwepo daktari mmoja wa mifupa, mzungu, mkataba wake umekwisha, anarudi kwao. Nilikuwa namtengenezea makasha ya kufungia vyombo. Huyu bwana alikuwa mkimbiaji. Kule kwao, aliniambia, kuna miezi barafu inafunika barabara, basi watu hukimbilia ndani ya nyumba, juu ya mashine. Alikuja nazo mbili, zote ziko kwenye baraza la nyuma, na hakuna hata moja atakayorudi nayo kwa uzito wake. Nikazitazama huku randa imenipotea mkononi. Ndani! Kumbe kuna watu duniani wanakimbia kilomita kumi bila kuonwa na jirani. Nikamweleza habari za mke wangu. Akafurahi, akasema badala ya malipo ya makasha nichague mojawapo, yoyote nitakayo.

Akanieleza namna ya kuchagua, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika lakini chenye akili. Ile ya kwanza ilikuwa ndefu, ya umeme, fremu ya chuma kizito, mkanda mpana unaozungushwa na mota. Unabonyeza, unaongeza mwendo kidogokidogo, mkanda unakuja wenyewe chini ya miguu. Chini ya mkanda kulikuwa na ubao wenye mipira, ili magoti yasiumie. Ile ya pili ilikuwa fupi, haina mota. Mkanda wa turubai umezungushwa juu ya rola za mbao, na unauendesha mwenyewe kwa miguu, mikono imeshika chuma cha mbele. Aliinunua zamani, kabla hajapata hiyo nyingine. Ya kutembea, akasema, ya wagonjwa na wazee. Kwa mtu anayekimbia kwelikweli, jambo la kwanza ni urefu wa mkanda. Mota, mipira, rangi, yote baadaye. Mguu ukishaogopa kudondoka nje ya mkanda, hatua inajikata yenyewe, na mwili ukizoea kujikata hausahau upesi. Akasema nimlete mke wangu azijaribu zote mbili, kama mtu anavyojaribu kiatu.

Nikamjibu kwamba mke wangu anaona haya. Uongo mtupu. Aliyekuwa anaona haya ni mimi, ya mke wangu kupanda mashine na kaptura kwenye baraza la mzungu. Daktari akanitazama, akasema basi, angalau nipime hatua yake.

Jioni nikamsimulia Mwalimu. Nilimweleza zote mbili, ile ndefu na ile fupi, na jinsi daktari alivyosema. Alisikiliza ameshika tama. Hakuifurahia habari ya kukimbia chumbani, nilimwona, lakini aliuliza maswali: kama mkanda unateleza, kama mtu anaweza kuachia mikono. Mwisho akasema, "Wewe ndiye mjuzi wa vipimo, Fundi. Chagua inayonifaa." Kisha akaomba kwamba mpaka mashine ifike nimwachie barabara yake. Nikamwachia.

Asubuhi iliyofuata, alipokwisha kutoka, nikachukua futi yangu nikamfuata nyuma, mbali, nisimkute. Kumekucha, mchanga una umande. Nyayo zake nilizikuta baada ya nyumba za mwisho. Pale karibu na makazi zilikuwa za kawaida, kisha mikorosho ilipoanza zikafunguka. Kisigino hakigusi kabisa, vidole vimechimba mchanga na kuurusha nyuma, na kutoka wayo mmoja mpaka mwingine, Mungu wangu, nilidhani nimeruka mmoja. Niliinama nikapima. Futi tano kasoro inchi tatu. Nikapima inayofuata. Hivyohivyo. Nikapima ya tatu. Mwanamke anayenifika begani, hatua ya futi tano.

Sasa sikilizeni jambo nililolifanya. Nilisimama, nikaikunja futi, nikasema kwa sauti, peke yangu pale kando ya barabara, kwamba hizo ni nyayo za mwanamume. Nilizijua. Mguu ule nilikuwa nimeuchongea mitalawanda, vile viatu vya mbao, jozi mbili, naujua kidole kwa kidole. Lakini nilisema ni za mwanamume, kwa sababu futi tano ilikuwa inataka ile mashine ndefu. Ile ndefu isingeingia chumba cha nyuma, ingekaa sebuleni, mbele ya kila anayepiga hodi. Na mota yake ilikuwa inanguruma, jirani wangekuja na debe za mahindi wakidhani tumefungua mashine ya kusaga. Watu wangeuliza, na mimi ningejibu, na yule Mnyamwezi angepata utani wa mwaka mzima.

Nikaenda shuleni. Nikangoja mchakamchaka umalizike, watoto waingie, nikatafuta nyayo zake pembeni mwa uwanja, palipo wazi, alipokuwa akienda sambamba na watoto wa darasa la kwanza. Nikapima. Futi mbili na nusu. Hiyo nikaiandika kwa penseli juu ya kipande cha mbao, nikaipiga mstari chini, nikatia mfukoni. Kipimo kimepatikana. Mkanda wa ile fupi ulikuwa futi tatu na nusu, umetosha na kubaki. Nilimwonyesha daktari kile kipande cha mbao. Akasoma, akakunja uso, akauliza kama nina hakika kwamba huu ndio mwendo wake wa kukimbia. Nikasema mimi fundi bwana, sipimi kwa jicho.

Nikaileta nyumbani kwa mkokoteni, imefunikwa gunia. Nikaiweka chumba cha nyuma, nikatundika pazia dirishani, nikapaka rola mafuta ya nazi zisilie. Nilijisikia mume bora Pwani nzima. Mke wangu aliporudi kutoka kazini nikamshika mkono nikamwingiza kuionyesha. Alisimama akaitazama kwa muda, kutoka mwanzo mpaka mwisho, ambao haukuwa mbali. Akapanda. Akapiga hatua mbili tatu ameshika chuma, hatua ya nne vidole vikagonga rola ya nyuma, akashuka. Akatazama lile pazia. Akasema taratibu, bila hasira yoyote, "Nilipokuwa mwali niliwekwa ndani. Lakini kule siku ya kutolewa ilijulikana, na ngoma ilipigwa. Humu nitatolewa lini?"

Mimi nikacheka. Nikasema siku ya mashindano, Mwalimu, ngoma nitapiga mimi mwenyewe. Hakucheka. Kwetu msichana akivunja ungo huwekwa ndani, anafundwa, haonwi na watu mpaka achezwe na kutolewa nje mtu mzima. Kila mwanamke wa kwetu amelipita jambo hilo, na akilipita amelipita, halirudiwi. Aliniambia jambo zito kwa lugha ninayoielewa vizuri, na mimi nikaligeuza mzaha. Sikio la kufa halisikii dawa.

Miezi mitatu alikimbia mle chumbani. Hakukosa hata siku moja, hata siku yenye homa. Mimi niko sebuleni nakunywa chai, nasikia tu rola, gurugurugu, gurugurugu, na pumzi zake. Mwanzoni nilisikia vidole vikigonga ile rola ya nyuma, na yeye akiguna. Baada ya wiki mbili havikugonga tena. Nikasema ameizoea. Niliona fahari! Siku moja nilichungulia. Miguu ilikuwa inakwenda upesi ajabu, chapuchapu, mabega yameinuka, mikono imekamata chuma, macho kwenye ukuta. Nilidhani upesi ule ndio mbio. Nikafunga mlango nikarudi kwenye chai yangu. Barabarani hakwenda tena, na mtani wangu hakuwa na la kusema. Nakumbuka aliwahi kuniuliza yuko wapi yule mkimbiaji wetu, na aliuliza kwa kumkosa kabisa, si kwa utani. Nikamwambia anafanya mazoezi ya kisasa.

Siku ya mchujo tulikwenda Kisarawe kwa gari la ofisi pamoja na wachezaji wengine wa mkoa. Uwanja ulikuwa wa shule, nyasi zimefyekwa, chokaa imepigwa. Kwao wote walikuja. Shangazi zake walikuja na khanga za sare, na baba yake alikaa kwenye benchi la mbele amevaa kanzu na kofia yake ya vito, mzee aliyeacha machungwa yake siku ya gulio kuja kumtazama binti yake. Mwalimu alimwendea akapiga goti akamwamkia. Mzee akaitikia marahaba, akamshika kichwa, akamwambia akimbie kama alivyokuwa akimletea chakula shambani. Nilimwona mke wangu akitabasamu, na ilikuwa zamani sijaliona tabasamu lile.

Walikuwa tisa. Mizunguko saba na nusu. Mitatu ya mwanzo alikuwa wa pili, nami nikapiga makofi mpaka viganja vikauma. Mzunguko wa nne nikaanza kuona kitu. Wenzake walikuwa warefu na wafupi, lakini wote hatua zao ziliachia, zinameza nyasi. Yake ilikuwa inadonoa. Miguu inakwenda mara mbili ya wao ili abaki palepale walipo. Na mikono, jamani, mikono alikuwa ameikunja mbele ya kifua, ngumi zimefumba, ameshika chuma kisichokuwepo. Mama mmoja nyuma yangu akauliza, "Huyo anakimbia au anatwanga?" Watu wakacheka. Mzunguko wa mwisho, wale wasichana wawili wa mbele walifunguka. Nilimwona akijaribu. Niliona kabisa anapeleka mguu mbele, na mguu unafika mahali unakataa, unarudi chini. Alijaribu tena, akayumba, nusura aanguke. Akamaliza wa tatu. Walichukuliwa wawili.

Baba yake alinyanyuka akanijia. Hakuwa amekasirika, alikuwa na wasiwasi tu. Akaniuliza, "Mkwe, mwanangu ana nini miguuni? Aliumwa?"

Nikamjibu kwamba labda uchovu, baba. Mke wangu akafika pale, jasho linamtiririka, mchanga umemganda kwenye magoti. Mzee akamuuliza yeye sasa, nani aliyemfundisha hatua zile, maana si zake. Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega. Nilijua kwamba atasema, na ana haki ya kusema, mbele ya shangazi zake wote. Akainamisha macho akasema, "Ni mchakamchaka, baba. Nimezoea kwenda na watoto wadogo."

Alinisitiri. Nami nilinyamaza. Palikuwa na nafasi pale, kubwa tu, ya mwanamume kusema neno moja, na mzee alikuwa bado ananitazama. Sikulisema. Katika yote niliyoyafanya, kimya kile ndicho ninachokionea aibu kuliko vyote.

Tulirudi Kibaha. Siku mbili baadaye nilikwenda chumba cha nyuma na spana, nikaifungua ile mashine vipande vipande, nikavitoa nje mchana kweupe, majirani wanaona, turubai na rola na vyuma. Nikalichana na lile pazia. Mwalimu alikuwa uani anapepeta mchele. Nikamwambia mwakani kuna mchujo mwingine, kwamba arudi barabarani, kesho, na atakayesema atasema na mimi. Aliendelea kupepeta. Nikaona haitoshi. Nikakaa chini pale kwenye vumbi, nikamwambia kwamba kuna jambo sikumwambia, kwamba kabla ya kuichukua ile fupi nilikwenda barabarani nikaipima hatua yake, ikawa futi tano kasoro, na nilijua ni yake.

"Najua," akasema.

Nikamuuliza anajuaje. Akaweka ungo chini.

"Siku ile sikwenda mbali, nilikuwa narudi. Nilikuona umeinama na futi yako, nikajificha nyuma ya mkorosho nisikuharibie kazi. Ukapima, ukarudia, ukarudia tena. Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Nikasema, Fundi wangu ananipimia. Nikapita kwa nyuma nikaenda zamu yangu, nikijua ile ndefu inakuja."

Nilishindwa kumtazama. Nikamuuliza kwa nini basi ilipokuja ile fupi hakusema kitu, kwa nini alikubali kupanda kila asubuhi miezi mitatu hali anajua haimtoshi.

Akauchukua ungo wake, akaanza tena kupepeta.

"Ningekuambia nini?" akasema. "Kama usingepima, ningekuambia. Lakini ulikuwa umeshapima."

Barabarani hakwenda, si kesho yake wala mwakani. Mchakamchaka aliongoza mpaka alipostaafu.